Korea Kusini: programu za usalama za lazima za benki zimekutwa na mianya. Mtumiaji afanyeje?

Duara_la_Tatu

Wakuu, heshima kwenu.

Mjadala wa programu za usalama za Korea Kusini umewaka upya tangu Juni 2025, watafiti wa chuo cha KAIST, Chuo Kikuu cha Korea, Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan na kampuni ya Theori walipotoa matokeo yao: programu 7 zimechunguzwa, mianya 19 imepatikana. Kwa ambaye hajafuatilia, kule ukitaka kuingia kwenye akaunti ya benki kwa kompyuta ya Windows, tovuti inakusimamisha mlangoni hadi usakinishe rundo la programu. Moja inazuia vinasa-vibonye (programu za wizi zinazonakili unachoandika kwenye kibodi), nyingine ni ukuta wa moto (firewall), nyingine inashughulikia vyeti na sahihi za kidijiti, nyingine inakusanya taarifa za mashine yako, na juu yao ipo moja ya kusimamia usakinishaji wa hizo nyingine. Usiposakinisha, huingii.

Maoni ya watu yamegawanyika. Wapo wanaosema "hili tulilijua siku nyingi, sasa limepata ushahidi". Wapo wanaowalaumu watafiti kwamba wanawachorea wezi ramani. Na wapo wanaosema viraka (marekebisho ya kuziba mianya) vimeshatoka, kelele za nini tena?

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Mianya hii ni uzembe wa waandishi wa programu, au mpango mzima umekaa vibaya? Kama viraka vipo, hasira za watu zinatoka wapi? Na mtu anayelazimika kutumia benki hizo, kesho asubuhi afanye nini kwenye kompyuta yake? Tupeane vitu vya kushika, ushabiki tuuweke pembeni.

---

Fundi_Soketi

Mkuu, mpango mzima umekaa vibaya. Uzembe upo pia, lakini umeota juu ya mpango huo.

Kivinjari cha leo kinaifungia kila tovuti ndani ya uzio wake. Tovuti haisomi mafaili yako, haioni orodha ya programu zinazoendeshwa, haisikii unachoandika kwenye dirisha jingine. Uzio huo umejengwa kwa miaka mingi na unakaguliwa kila siku na watu wengi. Sasa, programu hizi za Korea kazi yake ni kufanya yale yale ambayo uzio unakataza. Zamani zilipitia ActiveX, teknolojia ya Microsoft ya kuendesha programu ndani ya kivinjari cha Internet Explorer. ActiveX ilipoanza kukataliwa, watengenezaji walihamia kwenye mafaili ya .exe, na Microsoft ilipoistaafisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022 wao walikuwa wameshahama.

Mfumo wa .exe unafanya kazi hivi. Kisakinishi kinaweka huduma ya Windows inayoamka kila kompyuta inapowashwa. Huduma hiyo inafungua poti (mlango wa mawasiliano) kwenye 127.0.0.1, yaani ndani ya mashine yako mwenyewe, kisha inakaa kusubiri. Ukifungua ukurasa wa benki, msimbo wa JavaScript wa ukurasa huo unaipigia huduma kupitia WebSocket au HTTP, njia za kawaida za mawasiliano ya wavuti, na kuiambia: anza kulinda kibodi, nipe namba ya diski, saini waraka huu. Nyingine hupitia kiendelezi cha kivinjari badala ya poti, lakini mwisho wa safari ni ule ule.

Tatizo liko kwa anayepiga. Ukurasa wowote uliofunguliwa, ukiwemo wa gazeti au wa matangazo, unaweza kubisha hodi kwenye 127.0.0.1. Kama huduma haithibitishi kwa dhati kwamba anayeongea ni benki, kila tovuti duniani imepata mkono ndani ya kompyuta yako.

Mfano wa karibu ni TouchEn nxKey ya RaonSecure. Wladimir Palant, mtu aliyeanzisha Adblock Plus, aliichambua na kuchapisha Januari 2023. Programu hii ni ya kuzuia vinasa-vibonye: draiva yake inakamata vibonye kabla havijafika kwingine, inavisimba, kisha inavikabidhi kwa ukurasa wa benki. Kiendelezi chake kilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 10 kwenye duka la Chrome. Palant alionyesha kwamba tovuti isiyo benki nayo iliweza kuomba "ulinzi" huo na kupokea vibonye. Kwa maneno mengine, chombo cha kuzuia kinasa-vibonye kilikuwa ndicho kinasa-vibonye, kimewekwa tayari kwa ajili ya yeyote atakayekiita. Timu ya KAIST miaka miwili baadaye imekuta aina hiyo hiyo ya mwanya, pamoja na kuingiliwa mawasiliano, kuvuja kwa vyeti, kuendesha programu kutoka mbali na kumtambua mtumiaji.

Mfano wa pili ni IPinside ya Interezen. Hii inakusanya anwani za MAC (namba za kadi ya mtandao), namba za diski, orodha ya michakato inayoendeshwa na anwani halisi ya IP, kisha inaikabidhi tovuti iliyoomba ikiwa imesimbwa kwa RSA, mbinu ya usimbaji ambayo nguvu yake inategemea urefu wa ufunguo. Palant alikuta ufunguo ni wa biti 320. Biti 320! Ufunguo wa biti 512 ulivunjwa hadharani mwaka 1999, na kiwango cha kawaida sasa ni 2048. Ule wa 320 unavunjika kwa saa chache kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Kwa hiyo tovuti yoyote iliweza kuomba kifurushi hicho, kukifungua, na kukutambua wewe ni nani hata ukifuta vidakuzi (cookies) vyote.

Kuna jambo la tatu ambalo halizungumzwi sana: vyeti mzizi, yaani vyeti vinavyoiambia kompyuta vyeti gani vingine iviamini. Ukurasa wa https ukitaka kuongea na huduma ya ndani kwa https, huduma inahitaji cheti cha 127.0.0.1. Hakuna mamlaka ya vyeti ya umma itakayokupa hicho. Basi kisakinishi kinapanda cheti mzizi cha mtengenezaji kwenye hifadhi ya vyeti ya Windows. Cheti mzizi hakina mpaka: mwenye ufunguo wake wa siri anaweza kusaini cheti cha tovuti yoyote, na kivinjari chako kitakubali bila kunung'unika. Kinachochekesha ni kwamba Chrome na Firefox zinaruhusu ukurasa wa https kuita http://127.0.0.1 bila cheti siku hizi (Chrome mpya inaomba ruhusa yako kwanza), kwa hiyo kwenye vivinjari hivyo hata sababu yenyewe ya kupanda cheti imeisha. Vyeti vimebaki.

---

Kifungu_cha_Tisa

Nijibu la hasira za watu, maana ukiangalia kiraka peke yake huwezi kuielewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani ilikuwa inabana usafirishaji wa usimbaji imara, vivinjari vilivyotoka nje vikaishia biti 40. Korea ikatengeneza usimbaji wake, SEED, chini ya KISA, taasisi ya serikali ya usalama wa taarifa. Vivinjari havikuwa na SEED, basi ikawekwa ndani ya ActiveX. Mwaka 1999 ikaja sheria ya sahihi za kielektroniki na vyeti rasmi vya umma. Tangu hapo kila jambo jipya la usalama liliongezwa kama programu nyingine ya kusakinisha, wala hakuna iliyopunguzwa hata pale vivinjari vilipopata usimbaji imara vyenyewe.

Watu wamelalamika hadi ikulu. Machi 2014 Rais Park Geun-hye alitaja hadharani kwamba watazamaji wa China waliotaka kununua koti la mhusika wa tamthilia maarufu ya Kikorea walikwama kwa sababu ya cheti na ActiveX. Mwaka huo huo sharti la cheti kwa manunuzi ya zaidi ya won 300,000 likaondolewa. Tarehe 10 Desemba 2020 vyeti rasmi vikapoteza hadhi yake ya pekee kisheria. Na baada ya yote hayo, ukifungua tovuti ya benki bado unakutana na orodha ile ile ya kusakinisha. Ndiyo maana utafiti ulipotoka, wengi hawakushtuka. Walichokasirikia ni kwamba kero waliyoambiwa waivumilie kwa ajili ya usalama wao imegeuka kuwa ndiyo hatari.

Sasa kwa nini benki haziachi? Someni ibara ya 9 ya Sheria ya Miamala ya Fedha ya Kielektroniki. Hasara ikitokana na kughushiwa kwa njia za kuingilia au kudukuliwa, taasisi ya fedha ndiyo inayobeba. Inaponyoka, yote au kiasi, ikionekana mteja alikusudia au alizembea kupita kiasi. Kwenye maandishi sheria hiyo inamlinda mteja. Kwa vitendo imezaa tabia ya benki kutaka ushahidi kwamba "tulimpa mteja kila kinga". Programu kwenye kompyuta ya mteja ni ushahidi unaohesabika: ilisakinishwa, toleo hili, saa hii. Mkaguzi anaelewa orodha ya namna hiyo kirahisi kuliko mfumo wa kuchunguza miamala yenye shaka kwenye seva.

Na hapo kuna kasoro ya kibiashara ambayo naiona kubwa kuliko mwanya wowote mmoja mmoja. Mnunuzi wa programu hizi ni benki. Mtumiaji ndiye anayeziendesha lakini hana sauti. Utafiti wa 2025 uliuliza watu 400: asilimia 97.4 walishasakinisha programu hizi, asilimia 59.3 hawajui zinafanya nini. Programu ya namna hiyo haina mteja wa kuikataa, kwa hiyo haina sababu ya kuwa nzuri.

---

Kibodi_Kimya

Niwapinge kidogo, maana mnaongea kana kwamba benki ziliamka zikaamua kuwatesa watu.

Kompyuta za Korea zilishambuliwa sana na vinasa-vibonye na kurasa bandia za benki. Watu wengi wanatumia kompyuta za pamoja kwenye vibanda vya michezo. Kizuia kinasa-vibonye kinafanya kazi dhidi ya kirusi cha bei rahisi, na virusi vingi ni vya bei rahisi. Mianya iliyoripotiwa 2023 ilipelekwa kwa watengenezaji kupitia KrCERT, kituo cha Korea cha kushughulikia matukio ya usalama mtandaoni, kabla ya kuchapishwa, na viraka vikatoka. Kila programu ina mianya. Hata vivinjari vyenyewe vinatoa viraka kila mwezi. Ukiondoa kinga yote leo, nani atawajibika kwa mzee aliyeibiwa kesho?

---

Fundi_Soketi

Hoja nzuri @Kibodi_Kimya, tuipime.

Kwanza viraka. Kivinjari chako kinajisasisha chenyewe. Programu hizi kwa kawaida hazijisasishi. Mtengenezaji anaikabidhi benki toleo jipya, benki inalijaribu, inaliweka kwenye seva yake, inabadili namba ya toleo inayodaiwa na ukurasa, na mtumiaji analipata siku atakayoingia. Kama huingii benki hiyo miezi kumi, huduma ya zamani inaamka kila asubuhi miezi kumi, poti iko wazi. Watafiti wa 2025 walichungulia kompyuta 48 za watu halisi: wastani wa programu 9 kwa kila kompyuta, nyingi matoleo ya 2022 au nyuma yake, baadhi ya 2019. Hapo kiraka kilichotoka 2023 kinamsaidia nani?

Pili, hii si nadharia ya maabara. Novemba 2020 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza jinsi Lazarus, kundi la wadukuzi linalohusishwa na Korea Kaskazini, lilivyoitumia Veraport ya Wizvera, ile programu ya kusakinisha nyingine. Veraport ilikuwa inakagua kama faili lililopakuliwa lina sahihi halali, lakini kwa kawaida haikukagua ni sahihi ya nani. Wavamizi waliidukua tovuti inayotumia Veraport, wakabadilisha faili na la kwao lililosainiwa kwa vyeti vilivyoibwa kutoka kampuni mbili, na Veraport ikalisakinisha kimyakimya.

Machi 2023 idara ya ujasusi ya Korea, NIS, ilitangaza kwamba programu nyingine kati ya hizi, INISAFE CrossWeb EX, ilitumiwa kuvamia kompyuta takriban 210 katika taasisi karibu 60. Novemba 2023 NIS na NCSC, kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, zikatoa tahadhari ya pamoja kuhusu MagicLine4NX ya Dream Security. Hii iangalieni vizuri: wavamizi walipanda msimbo kwenye makala ya tovuti ya chombo cha habari. Msomaji aliyekuwa kwenye safu za IP zilizolengwa, na mwenye MagicLine4NX kwenye mashine yake, aliambukizwa kwa kufungua makala tu. Hakubofya kiambatisho, hakupakua kitu. Aprili 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky ikaripoti mtindo ule ule kwa Cross EX, wakaiita Operation SyncHole, na angalau mashirika sita yalikuwa yameathirika.

Tatu, kinga yenyewe. Kirusi chenye haki sawa na zako kwenye kompyuta hakihitaji kibodi. Kinabadilisha ukurasa ndani ya kivinjari, unaona namba ya akaunti uliyoandika, seva inapokea nyingine. Au kinapiga picha ya skrini. Kizuia kinasa-vibonye kinalinda kipande cha njia kati ya draiva na kisanduku cha nywila, basi. Na kurasa bandia ulizozitaja? Zilimwomba mteja aandike namba zote 35 za kadi yake ya usalama (kadi ya benki yenye orodha ya namba za siri), akaziandika mwenyewe. Kibodi ililindwa barabara, namba zikaenda kwa mwizi salama salama.

Kinachomsaidia mzee wako ni mambo mawili: funguo-siri za FIDO (kiwango cha kuingia bila nywila) ambazo zimefungwa kwenye jina la tovuti, kwa hiyo ukurasa bandia haupati kitu, na kifaa cha OTP (namba ya kutumika mara moja) kinachokokotoa namba kutokana na akaunti ya mpokeaji na kiasi, kwa hiyo muamala ukibadilishwa njiani namba inakataa. Vyote viwili havihitaji huduma inayosikiliza kwenye 127.0.0.1.

---

Duara_la_Tatu

Shukrani wakuu, hapo nimeelewa. Sasa kuhusu kompyuta. Je, kutumia wasifu tofauti wa kivinjari, au akaunti nyingine ya Windows kwa ajili ya benki tu, inatosha?

---

Sanduku_Mchanga

Haitoshi, na ndilo kosa linalojirudia kwenye ushauri mwingi. Huduma, draiva na vyeti mzizi vinawekwa kwa mashine nzima. Huduma inayosikiliza poti haijali umefungua Chrome ya wasifu gani au Firefox. Ukitenganisha, tenganisha mfumo wa uendeshaji wote.

Fanya kwa mpangilio huu.

Anza kwa kujiuliza kama kompyuta inahitajika kabisa. Benki kama KakaoBank zimejengwa kwa ajili ya simu, na benki kubwa nyingi zinafanya miamala ya kawaida kwa programu ya simu. Simu janja ina uzio kati ya programu na programu. Programu ya benki hubeba kinga yake ndani na haifungulii mlango kurasa nyingine. Kama unachohitaji ni kutuma pesa na kuangalia salio, mjadala umeisha hapo, nenda moja kwa moja kwenye kusafisha.

Kama kompyuta ni lazima, tumia Windows Sandbox, yaani Windows ya muda inayofunguka ndani ya dirisha lililotengwa na mashine yako. Ipo kwenye Windows Pro, Enterprise na Education, toleo la Home halina. Washa virtualization kwenye BIOS, kisha fungua "Turn Windows features on or off" na uweke tiki kwenye Windows Sandbox. Kima cha chini ni RAM ya GB 4 na kori 2, ila kwa programu hizi usiende chini ya GB 8 na kori 4, itakwama. Ndani yake unafungua tovuti ya benki, unasakinisha wanachotaka, unafanya muamala, unafunga dirisha. Kila kitu kinafutika: huduma, draiva, vyeti. Ubaya wake ni kusakinisha upya kila mara. Lakini ubaya huo una faida yake, kwa sababu kila mara unapata toleo jipya lililoko kwenye seva ya benki na si la miaka mitatu iliyopita.

Programu ikidai kompyuta iwashwe upya, iwashe upya kutoka ndani ya Sandbox. Windows 11 kuanzia 22H2 inatunza hali yake katika kuwasha upya kwa namna hiyo. Ukifunga dirisha lenyewe, kazi imepotea.

Kwa wenye Home, VirtualBox au mashine pepe (virtual machine) nyingine itafanya kazi ile ile, ukihifadhi nakala safi na kuirudia baada ya kila matumizi. Baadhi ya tovuti zinagundua mashine pepe na kukataa. Zikikataa, njia iliyobaki ni kompyuta ya pembeni isiyofanya kitu kingine: hakuna barua pepe, hakuna kusoma magazeti. Kumbuka kisa cha MagicLine4NX hapo juu, walioambukizwa walikuwa wanasoma makala.

Sasa kusafisha mashine kuu. Fungua Settings, Apps, panga kwa mtengenezaji. Majina ya kutafuta: RaonSecure au TouchEn, Interezen au IPinside, Wizvera au Veraport, AhnLab Safe Transaction, nProtect Online Security, INISAFE, MagicLine4NX, CrossEX. Ondoa moja, washa upya, ondoa inayofuata. Usiziondoe zote kwa mkupuo, hasa zenye draiva ya kibodi. Draiva mbili za kibodi za watengenezaji tofauti zikigombana, herufi zinajirudia au kibodi inakaa kimya kabisa. Weka njia ya mkato ya osk kwenye eneo-kazi (desktop) kabla hujaanza, ili uwe na kibodi ya skrini likitokea hilo, na tengeneza sehemu ya kurejea (restore point) ya Windows. Kuna programu inaitwa Hoax Eliminator iliyotengenezwa Korea kwa kazi hii hasa. Inazitambua nyingi na kuziondoa kwa pamoja. Inasaidia, ila usiruke hatua mbili zinazofuata.

Hatua ya vyeti. Bonyeza Windows+R, andika certlm.msc, fungua folda ya Trusted Root Certification Authorities. Kisha rudia kwa certmgr.msc, kwa sababu hifadhi ya mashine na ya mtumiaji ni mbili. Tafuta majina yale yale ya watengenezaji. Mifano ni ASTxRoot2, iniLINE CrossEX RootCA2, Interezen CA na Wizvera-CA-SHA1. Programu ikiondolewa cheti mara nyingi kinabaki, ndiyo maana unakifuta kwa mkono. Usiguse cheti usichokijua kwa sababu tu jina ni la Kikorea. Futa kile ambacho jina lake linalingana na programu uliyoondoa.

Hatua ya poti. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `netstat -abno` na uangalie mistari yenye 127.0.0.1 au 0.0.0.0 na neno LISTENING. Chini ya kila mstari utaona jina la .exe. Likiwa ni la mojawapo ya programu ulizodhani zimetoka, ingia services.msc, izime, uweke Disabled, kisha ufute folda yake. Inayosikiliza kwenye 0.0.0.0 ni mbaya zaidi kuliko ya 127.0.0.1, kwa sababu ukuta wa moto ukiiruhusu inajibu hata mtandao wa nje wa mashine.

---

Kibodi_Kimya

Hatua ni nzuri, nakubali. Hoja ya toleo jipya kila mara sikuwa nimeiona hivyo. Ila wenye cheti chao cha kujitambulisha benki kwenye diski watafanyaje, maana Sandbox haitakiona?

---

Sanduku_Mchanga

Swali la msingi. Cheti kwa kawaida kipo C:\Users\jina_lako\AppData\LocalLow\NPKI, ndani yake signCert.der na signPri.key. Hiyo signPri.key imesimbwa kwa nywila yako, basi mwizi akinakili folda na akanasa nywila, ana kila kitu. Hakuna kifaa anachokosa. Kuvuja kwa vyeti kumo kwenye orodha ya aina za mianya ya 2025, kwa hiyo folda hiyo isikae kwenye mashine kuu.

Ihamishie kwenye diski ya USB inayokaa mezani ikiwa imechomolewa. Siku ya kazi, chomeka, kisha fungua Sandbox kwa faili la .wsb (faili la mipangilio ya Sandbox) lenye MappedFolder inayoelekeza kwenye folda hiyo, na ReadOnly ikiwa true. Ndani ya Sandbox inakili kwenye AppData\LocalLow, fanya kazi yako, funga, chomoa. Cheti kikikaribia kuisha muda, usikihuishe kwanza. Angalia kama benki yako inakubali njia nyingine ya kuingia, kwa kuwa tangu Desemba 2020 cheti hicho hakina tena upendeleo wa kisheria.

---

Kifungu_cha_Tisa

Nyongeza mbili fupi.

Firefox ina hifadhi yake ya vyeti, na visakinishi vingine vinaandika humo pia. Settings, Privacy & Security, View Certificates, kichupo cha Authorities. Kufuta kwenye Windows hakugusi humo.

La pili, Chrome kuanzia toleo la 142 la mwaka 2025 inamwuliza mtumiaji ruhusa tovuti ya nje inapotaka kufikia mtandao wa ndani au 127.0.0.1. Kwa watumiaji wa Korea ujumbe huo unaweza kutokea kwenye tovuti za benki, na hofu ni kwamba watazoea kubofya ndiyo. Ruhusu anwani ya benki peke yake. Ukiuona ujumbe huo kwenye tovuti ya habari au ya manunuzi, kataa, kisha rudi kwenye netstat uone kuna nini kinachosikiliza.